Bustani ya kiangazi ianzie jikoni

Kabla hujanunua mbegu yoyote, simama jikoni ujiulize: wiki iliyopita nyumba hii ilikula mboga gani? Usihesabu unazotamani kula, wala ile iliyopendeza kwenye picha ya pakiti dukani. Hesabu zilizoingia sufuriani. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Kibaha, Bagamoyo na Tanga zitatoa majibu yanayofanana: mchicha, matembele, bamia, kisamvu, nyanya chungu za kuungia, pilipili ya pembeni. Hiyo ndiyo orodha yako ya kupanda, na hakuna haja ya kuirefusha sana.

Ninaandika kwa ajili ya familia ya pwani yenye uwanja mdogo, au yenye ukuta tu na viroba vichache, kwa ule muda wa kuanzia mwisho wa Novemba hadi Machi. Vuli inamalizia, shule zinafungwa, maembe yanajaa sokoni, kisha upepo wa kaskazi unashika na jua la Januari na Februari linakausha kila kitu. Wengi huitelekeza bustani wakati huo wakisema watangoja masika. Kwangu mimi kiangazi ndicho msimu wa bustani ya nyumbani. Mboga za majani za pwani zinapenda joto, magonjwa ya kuoza yanapungua, na vibarua wako, yaani watoto, wapo nyumbani wamechoka kuangalia katuni. Kinachokosekana ni maji tu, na maji yana mbinu zake.

Cha kupanda na cha kumwachia muuza genge

Mchicha uwe wa kwanza. Unaota ndani ya siku 3 hadi 5, na baada ya wiki 3 au 4 unaliwa. Mtoto asiye na subira hana mboga inayomfaa kuliko hiyo, maana kila asubuhi anakuta kitu kimebadilika. Maduka ya pembejeo yanauza mbegu za aina nyingi. Ukikutana na Madiira, ambayo imetokana na kazi ya World Vegetable Center pale Tengeru, Arusha, ichukue bila wasiwasi. La muhimu ni kumwambia muuzaji kwamba unataka mchicha wa majani, asije akakupa ule wa nafaka.

Matembele yafuate. Haya hayahitaji duka: omba marando kwa jirani, kata vipande vya sentimita 30 hivi, zika theluthi mbili za kila kipande ili macho kadhaa yawe chini ya udongo, mwagilia kwa wiki ya kwanza bila kukosa. Mwezi mmoja ukipita unaanza kuchuma ncha. Ila amua mapema, kwa sababu tuta la matembele si tuta la viazi. Ukichuma majani kila wiki halafu mwezi wa tano ukafukua ukitegemea viazi, utakuta mizizi myembamba tu.

Bamia ni mboga ya kiangazi hasa. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mbili mbili kila shimo, achia sentimita 40 kati ya shimo na shimo, na zikishaota ung'oe mche ulio dhaifu. Miche 8 au 10 inaitosha familia ya watu 6. Matunda yanaanza baada ya siku 50 hadi 60, na kuanzia hapo unachuma kila baada ya siku mbili, utake usitake.

Nyanya chungu miche mitatu. Pilipili mche mmoja, kwa maana mche mmoja wa pilipili kichaa uliotunzwa vizuri unailisha nyumba yako na majirani wa pande zote. Kunde mstari mmoja kwa ajili ya majani. Mchaichai pembeni mwa bomba, mahali panapolowana kila siku. Mihogo miwili au mitatu upande wa kaskazini mashariki, ambako upepo wa kaskazi unatokea: itakukingia tuta dhidi ya upepo unaokausha, na majani yake ndiyo kisamvu.

Sasa yale ya kuacha. Kabeji na karoti zinatoka Lushoto kwa sababu Lushoto kuna baridi. Huku kwetu Januari kabeji haifungi vizuri, ni kupoteza maji. Nyanya nazo nunua gengeni. Najua wengi watabisha, maana hakuna anayepika bila nyanya. Lakini joto kali linaangusha maua yake, inzi weupe wanaleta ugonjwa wa majani kujikunja, na tangu 2014 tuna kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda na kuwashinda hata wakulima wenye mashamba na mabomba ya dawa. Familia inayoanza haina sababu ya kukutana na adui huyo msimu wa kwanza.

Kiangazi, tuta linazama

Tumezoea kuinua tuta. Vitabu vya shule vilichora tuta lililoinuka, na wakati wa masika hilo ni sawa kabisa, kwa sababu maji yanatakiwa kutoka. Kwenye mchanga wa pwani wakati wa kiangazi, tuta lililoinuka linakauka pande zote na maji unayomwaga juu yanateremka ubavuni. Geuza: chimba.

Pima upana wa mita moja, ili mtu aweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga ndani. Urefu ni kadiri ya nafasi uliyonayo, mita 2 zinatosha kuanzia. Toa udongo wa juu, ule mweusi kidogo, uweke upande mmoja. Endelea kuchimba hadi kina cha sentimita 30 hivi, na huo mchanga mweupe wa chini uutumie kujenga kingo kuzunguka shimo. Sasa rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza vizuri, nusu debe hadi debe moja kwa kila mita ya mraba. Usijaze hadi juu. Uso wa tuta ubaki chini ya usawa wa ardhi kwa kina cha kiganja cha mkono. Ukimwaga maji yanakaa pale pale, na upepo unapita juu bila kugusa miche midogo.

Samadi ya ng'ombe ikiwa mbichi, au ya kuku ya wiki hii, itaunguza mchicha. Majani yatakuwa ya njano kingoni kisha yakauke. Irundike kivulini, ilowanishe kidogo, ifunike, uigeuze mara moja kwa wiki hadi isinuke wala isiwe na joto ndani. Kwa samadi ya kuku chukulia mwezi mzima au zaidi. Jikoni nako kunatoa mboji: maganda ya ndizi, chicha la nazi lililokwisha kukamuliwa, majani ya chai, vikonyo vya mchicha wenyewe. Usitupe pale ugali, samaki wala mafuta, utawaita panya.

Wasio na uwanja watumie viroba. Chukua kiroba cha kilo 50 na kopo kubwa lililotolewa mfuniko na kitako. Simamisha kopo katikati ya kiroba, jaza mawe madogo ndani ya kopo, zungushia udongo wenye samadi nje yake, kisha vuta kopo juu mawe yabaki yamesimama. Jaza tena, vuta tena, hadi juu. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo njia ya maji kufika chini. Bila nguzo, juu kunakuwa matope na chini vumbi. Toboa matundu ubavuni upandikize matembele au spinachi, na juu panda kitunguu cha majani. Kiroba kiweke mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ukikiweka kwenye ukuta unaotazama magharibi, ukuta unakuwa jiko.

Kazi za watoto ziwe za kweli

Mtoto akipewa kazi ya kuigiza anajua. Usimpe kona ya mchanga mbaya ambayo wewe mwenyewe usingeipanda. Mpe nusu ya tuta la mchicha, aandike jina lake kwenye kibao, na mboga yake ipikwe siku yake.

Mbegu za bamia na kunde ni kubwa, zinafaa vidole vya mtoto wa miaka minne au mitano: shimo la kina cha pingili moja ya kidole chake, mbegu mbili, funika, kandamiza. Mchicha ni kazi ya wakubwa kidogo. Mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba mtu akichota kwa vidole anamwaga mia mahali pamoja, kisha miche inaota imebanana na kulegea. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, chora mistari kwa kijiti, sentimita 20 kutoka mstari hadi mstari, nyunyiza mchanganyiko huo, funika kwa udongo mwembamba sana. Kisha zungushia majivu makavu, maana sisimizi wanazibeba mbegu za mchicha usiku kucha na asubuhi utalaumu duka. Tandaza majani makavu juu, mwagilia juu ya majani hayo, na siku ya tatu au ya nne ukiona vichwa vyekundu vimechungulia uyaondoe jioni, jua likishatua.

Kwa miche ya nyanya chungu na pilipili, tumia vifuu. Nusu ya nazi iliyo na macho ndiyo inayofaa: jicho moja kati ya yale matatu ni laini, msumari unapita bila nyundo, na hilo ndilo tundu la kutolea maji. Jaza udongo mwepesi, panda mbegu mbili, weka chini ya mwembe. Kifuu ni kidogo, kwa hiyo mche ukifikisha majani manne hivi uhamishie kwenye kopo kubwa zaidi. Baada ya wiki 5 au 6 unakwenda bustanini, jioni, pamoja na udongo wake.

Usipande tuta lote siku moja. Gawa sehemu tatu, panda moja kila baada ya wiki mbili. Familia iliyopanda yote Desemba mosi inakula mchicha wiki nzima ya Krismasi hadi watu wanachukia, kisha Januari inarudi gengeni.

Maji

Mboga za majani kwenye jua la Januari zinahitaji kama lita 5 hadi 8 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa tuta la mita 2 hiyo ni zaidi ya nusu ndoo. Kumbe si maji mengi. Nyumba inamwaga zaidi ya hapo. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kunawia mikono kabla ya kula, yote yanafaa. Ya kufulia yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo yaache, na ya chooni usiyaguse kabisa. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, limechunguzwa na watafiti mara kadhaa kwa sababu ya uchafu unaoingia mtoni na mboga zinazomwagiliwa kwa maji yake, na hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kuwa na tuta lako na kujua ndoo yako imetoka wapi.

Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, mchicha utavumilia kiasi tu. Dalili ya chumvi kuzidi ni ncha za majani kukauka na utando mweupe juu ya udongo. Mara moja kwa wiki mwagilia kwa wingi maji matamu uliyoyahifadhi, ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Mwagilia alfajiri. Jioni pia inafaa, lakini majani yaliyolala na maji yanakaribisha ukungu. Mtoto apewe kopo lililotobolewa kitako kwa msumari mwembamba, matundu madogo mengi. Kopo la namna hiyo halichimbui miche kama ndoo inavyofanya. Afundishwe kupima kabla ya kumwaga: chomeka kidole hadi pingili ya pili, kikitoka na udongo ulioshika, leo hakuna kazi. Wengi wanaua bustani kwa kuipenda kupita kiasi, wakimwaga kidogo kidogo mara tatu kwa siku, mizizi ikabaki juu juu ikitafuta maji hapo hapo.

Miche ikifika urefu wa kiganja, tandaza. Nyasi kavu, majani ya mgomba yaliyokatwakatwa, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa; chochote kilichokauka na kisicho na mbegu za magugu. Unene wa vidole vitatu, na acha nafasi kidogo kuzunguka shina. Na kwa wiki zile kali za Februari, makuti mawili yaliyolazwa juu ya fito upande wa magharibi yanatosha kuvunja jua la saa nane.

Wadudu, kwa kifupi

Mchicha wenye matundu unalika. Familia ikikubali hilo, nusu ya vita imekwisha. Panzi huokotwa alfajiri wakiwa bado wazito kwa baridi, na hiyo ni kazi ambayo watoto wataigombania. Wadudu mafuta wakijaa kwenye ncha za kunde au chini ya majani ya bamia, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita moja ya maji, nyunyizia chini ya majani jioni, rudia baada ya siku tatu. Jaribu kwanza kwenye jani moja. Utitiri mwekundu nao ni wa kiangazi hasa: majani yanakuwa na vidoti vya rangi hafifu, na chini yake kuna utando mwembamba. Anachukia maji, kwa hiyo elekeza maji ya bomba chini ya majani kwa nguvu asubuhi mbili tatu mfululizo. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku mmoja ni msaada mzuri pia, yakichujwa na kutiwa sabuni kidogo.

Dawa ya dukani kwenye mboga itakayoliwa wiki hii, hapana. Kila kopo lina maelezo ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, na mchicha wa wiki tatu hauna siku hizo.

Bamia ikidumaa bila sababu unayoiona juu, ng'oa mche mmoja utazame mizizi. Ukikuta vinundu vinundu, ni minyoo fundo, na mchanga wetu wanaupenda. Bamia na nyanya chungu zisirudi hapo msimu ujao; ongeza mboji kwa wingi.

Kutoka tutani hadi mezani

Faida kubwa ya tuta lako ni zile hatua ishirini kati yake na jiko. Mchicha wa sokoni umevunwa jana jioni, ukalala ndooni, ukamwagiwa maji njiani. Wa kwako unang'olewa maji yakiwa tayari jikoni. Basi usiuharibu kwa mapishi marefu.

Chukua mchicha wa nazi, chakula ambacho kila mtu anajua kukipika na wachache wanakipika vizuri. Kwa watu 6: mchicha wa kujaza ungo mmoja, nazi moja kubwa, kitunguu kimoja, nyanya mbili, nyanya chungu tatu zilizopasuliwa, chumvi, na ndimu. Kata mizizi, kisha osha majani yakiwa mazima, kwa maji matatu, ukiyainua kutoka kwenye beseni badala ya kumwaga maji juu yake. Mchanga unabaki chini. Ndipo ukate. Ukikata kwanza halafu ukaosha, sehemu ya vitamini inakwenda na maji.

Mtoto mkubwa akune nazi, mdogo akae mbali na mbuzi kwa sababu meno yake hayana huruma. Kamua tui la kwanza kwa maji kidogo sana, liweke pembeni. Kamua la pili kwa maji ya vuguvugu, na hili ndilo la kupikia. Tia sufuriani tui jepesi, kitunguu, nyanya, nyanya chungu na chumvi. Chemsha hadi nyanya chungu zilainike. Tia mchicha wote, bila kufunika, ugeuze. Mchicha mchanga hauhitaji zaidi ya dakika 5. Utaona umeshuka na rangi bado ni ya kijani iliyokolea. Punguza moto. Mimina tui zito, na hapa usiondoke: chota kwa upawa, inua, mwaga, chota tena, bila kuacha, hadi lianze kuchemka taratibu. Ukiacha, tui linakatika, linakuwa maji na mabonge. Mafuta yakianza kuonekana juu, epua.

Ndimu ikamuliwe mezani. Ule uchachu unausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, kama ambavyo mafuta ya nazi yanausaidia kupata vitamini A. Chai ya rangi ingoje kama saa moja, kwa sababu inafanya kinyume chake. Wanaoishi Dodoma au Tabora wataweka karanga zilizotwangwa mahali pa nazi, na sioni sababu ya kubishana nao.

Matembele yachume asubuhi, yaanike kwenye ungo juani kwa muda mfupi hadi yanyauke, kisha kata na kaanga na kitunguu kingi. Yakiingia mabichi yanatoa maji na kuteleza.

Bamia ina mtihani wake: kuna nyumba zinautaka ute na kuna nyumba zinaukimbia. Ua la bamia, la njano lenye moyo wa zambarau, linafunguka siku moja tu, na siku 4 hadi 6 baadaye tunda liko tayari. Urefu wa kidole cha kati unatosha. Jaribu ncha: ikivunjika kwa mlio, chuma, ikipinda bila kuvunjika, imeshakuwa kamba, iache kwa mbegu. Vaa shati la mikono mirefu, vinyweleo vyake vinawasha. Wanaopenda ute wakate vipande vidogo, watie pamoja na majani ya kunde kwenye maji machache, chumvi na nyanya, wapate mlenda wa ugali. Magadi yanalainisha na kukoleza kijani, lakini yanaharibu vitamini C. Bamia changa haihitaji magadi. Wasiopenda ute waoshe bamia, waikaushe kabisa kwa kitambaa, waikaange nzima kwenye kikaango chenye moto mkali na mafuta kidogo, chumvi mwishoni, ndimu juu. Watoto waliokataa bamia miaka yote wanaila hiyo kwa vidole.

Kisamvu kisiwe cha haraka. Majani ya muhogo yana sumu, yasiliwe mabichi hata kwa kuonja. Chagua majani machanga, twanga kwenye kinu hadi yalainike kabisa, chemsha kwenye sufuria iliyo wazi hadi ile harufu ya ubichi iishe, ndipo utie nazi au karanga. Watoto watwange kwa zamu.

Na kwa kuwa ni msimu wa maembe, tengenezeni achari mara moja, itawafikisha masika. Maembe mabichi magumu 6, yakatwe vipande pamoja na ganda, vichanganywe na vijiko vikubwa vitatu vya chumvi na bizari kidogo, vianikwe kwenye sinia juani siku mbili, vikiwa vimefunikwa kitambaa chepesi kwa ajili ya inzi na kurudishwa ndani jioni. Chemsha siki kikombe kimoja pamoja na vitunguu saumu na pilipili zako mwenyewe, tia vipande, geuza, acha vipoe. Chupa iwe imechemshwa na kukauka kabisa. Kijiko cha kuchotea nacho kiwe kikavu kila siku. Maji ndiyo yanayoleta ukungu. Anayeshika pilipili kichaa avae mfuko mkononi, na asiwe mtoto.

Kachumbari haihitaji mwongozo, ila hili: fikicha kitunguu kwa chumvi, suuza, kamua, ndipo uchanganye. Giligilani mtu anaweza kuipanda kwenye kopo dirishani, ila kwenye joto inakimbilia maua; panda kidogo kidogo.

Kabla mawingu hayajarudi

Mwishoni mwa Februari chagua miche ya mbegu. Mchicha mmoja mnene, uliochelewa kutoa maua, ufungie utepe na usimruhusu mtu auchume. Vichwa vyake vikianza kukauka na mbegu nyeusi zikadondoka ukivipiga kiganjani, vikate, viweke kwenye ungo, vifikiche, vipepete nje upepo ukiwa mdogo. Kichwa kimoja kinatoa mbegu za kupandia matuta ya mtaa mzima. Bamia nayo, acha maganda mawili ya mche bora yakaukie mtini hadi yaanze kupasuka. Mbegu zikaushwe kivulini wiki nzima, ziingie kwenye chupa yenye majivu makavu chini, zifungwe vizuri, na mtoto aandike juu jina la mboga, mwezi na mwaka.

Machi, kabla ya mvua kubwa, fukia matuta yaliyozama uyainue juu ya usawa wa ardhi, maana shimo lililokuokoa Januari litakuwa dimbwi Aprili. Ng'oa bamia zilizozeeka, kata mashina yake yaingie kwenye rundo la mboji. Viroba vya matembele visogeze chini ya ukingo wa bati, lakini si mahali ambapo maji ya paa yanashukia.